Lami Imekuja na Mwendo Wake

Mhadhara wa wazi kuhusu kasi ya magari katika miji na vijiji vya Mbulu na Hanang

Mei 2022, Bunge likijadili bajeti ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi jijini Dodoma, Flatei Massay, aliyekuwa Mbunge wa Mbulu Vijijini, alipiga sarakasi ukumbini. Sarakasi za maneno Bunge limezizoea. Hizi zilikuwa za mwili, miguu juu. Alikuwa akiidai lami ya barabara inayotoka Karatu, ikapita Mbulu na Haydom, ikavuka Sibiti kwenda Lalago hadi Maswa. Video ile ilizunguka katika simu za nchi nzima. Waliocheka walicheka. Waliowahi kushuka garini usiku wa masika kusukuma Land Rover kwenye tope la Mbulu hawakuona kichekesho chochote.

Mhadhara huu unaanzia hapo kwa sababu wanaozungumzia usalama barabarani huwa na tabia ya kuiruka sehemu hii. Wanafika na takwimu za vifo, wanalaumu magari, wanaondoka, na msikilizaji anabaki akijiuliza kama anaambiwa arudi kwenye vumbi. Watu wa Mbulu na Hanang hawana ugomvi na barabara nzuri. Mkulima wa kitunguu saumu anajua gunia lake linapoteza bei kiasi gani likilala njiani siku mbili. Mama mwenye uchungu wa kujifungua anayekimbizwa Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa na wamisionari wa Norwei mwaka 1955, anajua kila shimo la njia ile kwa mgongo wake. Lami ni haki yao, nao wameidai kwa barua, kwa kura na hata kwa sarakasi.

Ila lami haiji peke yake. Inapanda nayo abiria ambaye hakuna mwananchi aliyemwombea nauli, naye ni mwendo.

Hanang ilitangulia kukutana na abiria huyo. Barabara ya Singida–Babati–Minjingu, yenye urefu wa takriban kilomita 223, ilijengwa kwa lami katika vipande vitatu, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika: Singida hadi Katesh, Katesh hadi Dareda, na Dareda kupitia Babati hadi Minjingu. Kabla ya hapo njia hiyo ilikuwa ya changarawe na mashimo, na mashimo yale, pamoja na laana zote yalizopokea, yalifanya kazi ya trafiki bila mshahara. Dereva wa Fuso hakuhitaji kibao cha kumwambia apunguze mwendo akifika Endasak; springi za gari lake zilimwambia. Siku mashimo yalipozibwa, hakuna aliyeajiriwa kushika zamu yao.

Leo mabasi yanayounganisha Arusha na Singida hupita katikati ya Katesh, chini kabisa ya Mlima Hanang, na malori ya nafaka na mifugo yanapita humohumo. Mhandisi akiitazama ramani anaona njia kuu ya kanda ya kaskazini kwenda kanda ya kati. Anayeishi pale anaona kitu kingine kabisa: njia ya kwenda sokoni, kijiwe cha bodaboda, mahali pa kuchoma mahindi, sehemu ya watoto kuvuka wakitoka shule na ya ng'ombe kupita siku ya mnada. Wafugaji wa Kibarbaig wanaoswaga mifugo kwenda kuuza hawana njia ya pembeni. Barabara ni moja, kazi ni mbili, na kazi hizo mbili hazielewani. Jambo lote linalozungumzwa hapa ni namna ya kuamua ipi impishe mwenzake, na wapi.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iliamua kwa namba moja: katika maeneo ya makazi, mwendo wa juu ni kilomita 50 kwa saa. Nje ya maeneo hayo, magari mazito yanayozidi kilo 3,500, mabasi yakiwemo, hayaruhusiwi kuzidi 80. Namba hizo zinafahamika kwa kila anayeshika usukani Tanzania, kama si kwa kusoma basi kwa kukamatwa. Askari wa usalama barabarani hujibanza na kifaa cha kupima mwendo, ambacho mtaani kinaitwa tochi, na anayenaswa hulipa faini. Madereva nao wana yao: gari linalotoka upande wa pili linawasha taa mara mbili, dereva anaelewa kuwa mbele kuna tochi, anashusha mwendo hadi 48 kama mtawa, anampita askari kwa heshima zote, na mita mia tatu baadaye anarudi kwenye 90. Kwa mchezo huo kinachoogopwa ni faini. Mtoto anayevuka hayumo kwenye hesabu.

Kidhibiti mwendo kilichofungwa kwenye basi hakisaidii hapa. Kama kimewekwa kukataa kuzidi 80, kitakataa kuzidi 80, iwe basi liko porini au limefika mbele ya geti la shule. Chenyewe hakijui kama kimefika Nangwa.

Tuseme basi kwamba kila dereva anatii. Wote wanaingia mjini na 50 kamili. Je, 50 inatosha? Hapa ndipo mhadhara huu unapoomba uvumilivu kidogo wa hesabu, na kwa bahati nzuri wilaya hizi mbili zina kipimo chao wenyewe cha mwendo, nacho ni miguu ya wakimbiaji.

John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, ndiye aliyemaliza marathon ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiwa wa mwisho, mguu umefungwa bendeji, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi. Gidamis Shahanga wa Hanang alichukua dhahabu ya marathon katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton, Kanada, mwaka 1978, kwa saa 2 na dakika 15. Ukigawanya, Shahanga alikwenda chini kidogo ya kilomita 19 kwa saa, na siku hiyo hakuna aliyemfikia. Usain Bolt alipoweka rekodi ya mita 100 mjini Berlin mwaka 2009, kilele chake hakikuzidi sana kilomita 44 kwa saa, tena kwa sekunde chache. Kwa maneno mengine, gari linalotembea kilomita 30, ambalo abiria wa nyuma wangelipigia kelele kwamba linatambaa, lingemwacha bingwa wa Edmonton mbali sana. Gari la kilomita 50 limempita Bolt. Mifupa ya binadamu iliumbwa kwa mwendo wa miguu yake mwenyewe: akijikwaa akikimbia, anachubuka goti, anainuka. Haikuumbwa kwa kinachozidi hapo.

Kuna kipimo kingine kinachoeleweka hata na asiyewahi kuendesha. Kugongwa na kitu kinachokwenda kilomita 30 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita tatu na nusu, kama mtu aliyeteleza kutoka juu ya paa la nyumba ya kawaida. Anaweza kuvunjika, na mara nyingi anapona. Kilomita 50 ni sawa na kuanguka kutoka karibu mita kumi, yaani ghorofa ya tatu. Kilomita 80 ni mita 25, urefu ambao Katesh nzima haina jengo la kuulinganisha nao. Labda mtu apande miti miwili mirefu iliyosimamishwa mmoja juu ya mwenzake. Kasi ikiongezeka kutoka 30 hadi 50, mtu husikia kama imeongezwa kidogo tu. Nguvu ya pigo, ambayo hukua kwa mraba wa kasi, inakuwa imekaribia kuongezeka mara tatu.

Kabla ya pigo kuna kusimama. Dereva mwenye afya, aliyelala vizuri, asiye na simu mkononi, anahitaji takriban sekunde moja kuona hatari na kuweka mguu kwenye breki. Katika sekunde hiyo gari la kilomita 30 limeshakwenda mita 8, na kwenye lami kavu linasimama likiwa limetumia mita 13 hivi kwa jumla. Gari la kilomita 50 limetumia mita 14 kabla breki haijaguswa, na linasimama kwenye mita 28. Sasa mtoto wa darasa la pili anatokea nyuma ya Noah iliyoegeshwa, mita 13 mbele. Kwa dereva wa kwanza, ni kisa cha kusimulia nyumbani jioni, pengine na makofi mawili kwa mtoto kutoka kwa mama yake. Kwa dereva wa pili, ambaye hajavunja sheria yoyote, mtoto anapigwa na gari lililo katika kasi yake yote ya 50, kwa sababu mguu wa dereva ulikuwa bado njiani kwenda kwenye breki.

Na hizo ni hesabu za hali njema. Mbulu ni nyanda za juu. Asubuhi za Juni na Julai ukungu hulala barabarani hadi jua lichomoze sawasawa. Masika matrekta na mikokoteni hutoka mashambani na udongo mwekundu kwenye matairi, na udongo ule ukilowa juu ya lami huteleza kama sabuni. Fuso iliyojaza viazi haisimami kama gari dogo. Breki za baadhi ya magari yanayopanda na kushuka milima hii, afadhali zisizungumzwe hadharani.

Kwa nini basi jambo hili halijawa kilio? Sababu moja ni namna taifa linavyohesabu misiba. Tarehe 6 Mei 2017, basi dogo la Shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni eneo la Rhotia, wilayani Karatu, jirani kabisa na Mbulu. Wanafunzi 32, walimu wawili na dereva walifariki. Nchi nzima ililia, na ilikuwa sawa kulia. Tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang yaliishukia Katesh na vijiji jirani, Gendabi na Jorodom vikiwemo, na zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Serikali ilihamia Hanang, na barabara kuu ikafunguliwa kwa mitambo. Misiba ya aina hiyo ina tarehe. Anayegongwa peke yake Jumanne jioni akivuka kwenda kununua mafuta ya taa hana tarehe inayokumbukwa nje ya ukoo wake. Anazikwa, kesi inakwenda, familia zinasikilizana au hazisikilizani, na wiki inayofuata mabasi yanapita palepale kwa kasi ileile.

Ukiwakusanya hao wa mmojammoja, wanakuwa jeshi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2023 kwamba watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka duniani, na kwamba kwa walio kati ya miaka 5 na 29 hakuna muuaji anayeizidi ajali ya barabarani. Kwa Tanzania, takwimu rasmi za mwaka 2016 zilitaja vifo 3,256. Makadirio ya shirika hilohilo kwa mwaka huo yalizidi 16,000. Pengo hilo si dogo. Mtu anayefia kitandani wiki mbili baada ya ajali, au kijijini kabla hajafika popote, ni rahisi kumsahau kwenye daftari la ajali. Shirika hilo pia lina kanuni ambayo kila diwani angefaa kuikariri: wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia moja, hatari ya ajali ya kuua inapanda kwa takriban asilimia nne. Kanuni hiyo inafanya kazi pia kinyumenyume, na hapo ndipo penye habari njema.

Februari 2020 mawaziri na wajumbe wa nchi nyingi walikutana Stockholm, Sweden, katika mkutano wa tatu wa dunia wa mawaziri kuhusu usalama barabarani. Azimio lao lilitamka wazi kwamba mahali ambapo watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na magari huchanganyika mara kwa mara, mwendo wa juu uwe kilomita 30 kwa saa, isipokuwa pale penye ushahidi thabiti kwamba kasi zaidi ni salama. Agosti mwaka huohuo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaipitisha miaka ya 2021 hadi 2030 kuwa muongo wa kupunguza vifo na majeruhi wa barabarani kwa nusu.

Namba 30, basi, haikuokotwa. Ina nasaba. Graz, mji wa Austria, ulianza kuitumia karibu mji mzima tangu 1992. Oslo ilishusha mwendo katika mitaa yake, ikaondoa maegesho mengi katikati ya mji na kuwapa nafasi waenda kwa miguu na baiskeli. Mwaka 2019 katika jiji hilo lote hakufa hata mtembea kwa miguu mmoja wala mwendesha baiskeli mmoja. Dereva mmoja tu alifariki. Wanorwei, waliojenga Haydom ili kutibu watu wa Mbulu, kwao wamegundua namna ya kuwa na wagonjwa wachache zaidi wa mifupa. Sehemu hiyo ya ujuzi wao haikuja na meli ya dawa.

Lakini mtu asidhani kwamba Ulaya walipigiwa namba hiyo vigelegele. Wales iliposhusha mwendo wa kawaida katika maeneo ya makazi hadi maili 20 kwa saa, sawa na kilomita 32, Septemba 17, 2023, watu karibu 470,000 walisaini waraka wa kupinga, wengi kuliko waliowahi kusaini waraka wowote kwa bunge lao. Serikali ilikiri kwamba baadhi ya barabara zilishushwa bila sababu ya kutosha, zikahitaji kurekebishwa. Hata hivyo, katika mwaka wa kwanza idadi ya walioumia kwenye barabara za aina hiyo ilipungua kwa takriban robo. Kelele zilikuwa za kweli, na waliopona ni wa kweli pia.

Kelele za hapa zinajulikana kabla hazijapigwa. Dereva wa basi atasema anacheleweshwa. Apewe hesabu. Kama sehemu yenye watu ina urefu wa kilomita mbili, kwa 50 ataipita kwa dakika mbili na sekunde 24. Kwa 30 ataipita kwa dakika nne. Amepoteza sekunde 96. Akipitia vijiji sita vya kilomita moja moja, atapoteza chini ya dakika tano kwa safari nzima, muda ambao konda anaumaliza kituo kimoja akibishana chenji na abiria. Anayedai kwamba uchumi wa Manyara utaanguka kwa dakika tano hajawahi kusubiri basi la saa kumi na mbili likaondoka saa moja na nusu.

Malalamiko ya pili ni mazito zaidi, na hayastahili dhihaka: matuta. Nchini Tanzania imezoeleka kwamba tuta hujengwa juu ya kaburi. Mtoto anagongwa, wananchi wanafunga barabara kwa mawe na magogo, viongozi wanakuja kutuliza, na baada ya siku chache linatokea tuta, mara nyingine limejengwa kwa hasira kuliko kwa vipimo. Halina rangi, halina kibao, liko gizani. Bodaboda anaruka nalo, mgonjwa kwenye gari la hospitali anapiga kichwa, dereva mgeni anavunja springi na kuapa kutorudi. Hapo tuta lililowekwa kuzuia ajali linaleta nyingine. Kosa, hata hivyo, liko kwenye ujenzi. Tuta lililopigwa mstari, lenye mteremko sahihi, lililotanguliwa na kibao na zile rasta zinazotikisa usukani, halimuumizi anayekwenda 30. Linamkumbusha anayekwenda 70.

Afrika ina ushahidi wake, tena wa barabara inayofanana na hii ya Hanang. Nchini Ghana, kwenye barabara kuu ya Accra hadi Kumasi, makutano ya Suhum yalikuwa mahali pa kuogofya: njia kuu yenye magari ya kasi ikikata mji mdogo wenye watu wengi. Zikawekwa rasta. Utafiti wa mhandisi Francis Afukaar, uliochapishwa mwaka 2003, ulionyesha kwamba ajali pale zilipungua kwa takriban asilimia 35 na vifo kwa takriban asilimia 55. Hakukuwa na kamera wala mtambo wa satelaiti. Ilikuwa lami iliyoinuliwa kidogo, ikapangwa mahali pake.

Na mfano ulio karibu zaidi uko Dar es Salaam. Shirika la Amend lilikwenda kwenye shule za msingi ambazo watoto wake walikuwa wakigongwa mara nyingi, likauliza swali rahisi: mtoto huyu anatembea wapi kutoka nyumbani hadi darasani? Kisha wakafuata njia hiyo kwa miguu. Walichojenga si cha kutisha: njia za pembeni za watembea kwa miguu, nguzo fupi za kuzuia magari kupanda njia hizo, matuta, kivuko chenye mistari, vibao. Mahali pengine ilitosha kuhamisha geti la shule kutoka upande wa barabara kubwa kwenda upande wenye mtaa mtulivu. Kasi ya magari mbele ya shule hizo ilipungua kwa hadi asilimia 60, na majeruhi miongoni mwa wanafunzi walipungua kwa zaidi ya robo. Mwaka 2019 mradi huo ulishinda tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya WRI, ukishindana na miradi ya mabara yote. Geti la shule limeshinda tuzo ya dunia, na wako Watanzania wengi ambao hawajawahi kusikia.

Geti! Kwenye barabara ya Hanang, na kwenye ile inayojengwa Mbulu, shule inapopakana na barabara, desturi ni kuelekeza geti barabarani, kwa sababu zamani barabara ilikuwa ndiyo heshima ya shule na gari lilikuwa tukio. Mwalimu mkuu akitaka kufanya jambo moja bila kusubiri bajeti ya taifa, atembee kuzunguka uzio wake Jumamosi moja, aone kama kuna upande mwingine wa kuingilia.

Hifadhi ya barabara nayo ina neno lake. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kuwa mita 30 kila upande kutoka katikati, na wengi wanaikumbuka kwa alama nyekundu ya X kwenye kuta zao. Nyumba zilirudi nyuma. Mwavuli wa muuza nyanya haukurudi, wala kijiwe cha bodaboda, kwa sababu mteja yuko kwenye lami. Mita zile 30, zilizotolewa kwa machungu, kwa sehemu kubwa zimebaki vumbi. Hapo ndipo pangepita njia ya waenda kwa miguu na baiskeli, na kukajengwa vituo vya bodaboda na mabanda ya wachuuzi yaliyosogezwa mita kumi ndani. Dereva akiona pembezoni pameandaliwa kwa ajili ya watu, mguu wake unakuwa mwepesi wenyewe; akiona lami pana na mavumbi pembeni, anasoma uwanja wa ndege.

Kwa hiyo hukumu ya mhadhara huu ni kwamba kibao cha 30 peke yake kitakuwa bati lingine la kutungua kwa mawe. Kibao kije na barabara inayolazimisha 30: rasta kabla ya kuingia mjini, tuta lenye vipimo kila mahali pa kuvuka, taa, na njia ya miguu. Tena kisiwekwe kila mahali. Kati ya kijiji na kijiji, kwenye tambarare za ngano kuelekea Basotu, hakuna sababu ya kumfanya dereva atambae. Ukimzoesha kudharau namba pasipostahili, ataidharau na panapostahili. Wales waliligundua hilo kwa gharama. Mita mia kadhaa mbele ya shule, sokoni, stendi, mnadani, hospitalini: huko ndiko namba ina kazi.

Hanang na Mbulu hapa hazilingani. Hanang inarekebisha barabara iliyokwishajengwa, ambako kila tuta jipya ni barua, ni kikao, ni bajeti ya matengenezo ya mwaka ujao. Mbulu bado iko kwenye ujenzi. Kazi ya lami kati ya Mbulu na Haydom inakwenda kwa vipande, na barabara ambayo bado iko kwenye michoro ni rahisi kuibadilisha kuliko iliyokauka. Njia ya miguu ikiingizwa wakati mitambo iko kazini ni sehemu ndogo ya kazi nzima. Ikidaiwa miaka mitano baadaye, ni mradi mpya wenye zabuni yake.

Anayetakiwa kuandikiwa anajulikana. Barabara kuu na za mkoa, ile ya Katesh na ile ya Karatu–Mbulu–Haydom zikiwemo, ziko chini ya TANROADS, na meneja wa mkoa ana ofisi Babati. Mitaa ya ndani ya miji na barabara za wilaya ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Kamati za shule, serikali za vijiji na mabaraza ya madiwani wana haki ya kuomba kuonyeshwa mchoro wa barabara inayopita kwao na kuuliza mambo manne kabla hawajapiga makofi: watoto watavukia wapi, watatembea wapi, ng'ombe wa mnada watapita wapi, na gari litalazimishwa na nini kushusha mwendo hapo. Barua za namna hiyo hazihitaji mwanasheria. Daftari la shule linatosha, na muhuri wa kijiji. Zinahitaji tu kufika Babati kabla mkandarasi hajamwaga tabaka la mwisho, na wazazi wa shule zilizo kati ya Mbulu na Haydom wanaombwa waziandike muhula huu.